Ndiva ya Kule Bahati

Nakuru, Kenya
Jumatatu jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa na kitu cha moto mkononi. Na wewe Namkunda, dada yangu unayemsomea Mama, kaa karibu na mlango penye mwanga, maana leo nimeandika mengi na mwandiko wangu ni ule ule uliomchosha mwalimu. Mama, goti linaendeleaje? Unalipaka yale mafuta niliyoleta, au umeshawagawia majirani kama ulivyofanya na blanketi? Mimi ni mzima. Vumbi la mji huu lilinikaa kifuani mwezi mzima, lakini limetoka, na chakula ninakula.

Namkunda, nakuomba usiruke mistari. Najua tabia yako ya kutazama mwisho wa barua kwanza. Leo usifanye hivyo. Nataka Mama aende pole pole mpaka pale nilipofika.

Kazi yangu ni ile ile. Tunajenga nyumba za mawe za watu wa reli, na jiwe la hapa ni laini, linakatika vizuri, ila linakunywa maji kama ng'ombe. Wazungu wamekuwa wapole kidogo siku hizi, wanasema Mfalme wao ni mgonjwa, basi hata msimamizi wetu anatukana kwa sauti ya chini. Baridi ya asubuhi siwezi kuisimulia. Mimi mtu wa milimani nilidhani naijua baridi, kumbe nilikuwa najua ile ya kwetu tu.

Barua yenu niliipata. Ile sehemu ya Baba Mdogo nimeisoma mpaka karatasi ikaanza kuchanika. Kwamba ukoo utakaa baada ya mvua za vuli. Kwamba Kaka Elinazi aliondoka mwaka ule vita ilipoanza, hajaleta neno hata moja, na mtu wa namna hiyo ahesabiwe amekufa, shamba lake ligawanywe. Na kwamba Namkunda, anayelilima tangu awe mjane, atoke akatafute pengine. Na wewe Mama umewajibu kwamba shamba la mtoto aliye hai haligawanywi, basi wanakuuliza kila siku umejuaje kama yu hai, na huna la kuwajibu. Ndiyo maana katika kila barua unaniuliza: umemwona Elinazi?

Nimeuliza, Mama. Nimeuliza stesheni, sokoni, machimboni, kwa madereva wa malori yanayotoka Eldoret. Wote waliniambia Tanganyika ni kubwa, na Mpare ni mtu gani. Na niseme ukweli, nilikuwa nimechoka kuuliza. Baba Mdogo aliponisindikiza mwaka juzi aliniambia kwamba likigawanywa, upande wa juu utakuwa wangu. Tangu siku ile nimekuwa nikijenga nyumba pale, kichwani mwangu, nyumba ya mawe yenye madirisha mawili mbele. Mtu anayejenga nyumba juu ya shamba la kaka yake hamtafuti kaka huyo kwa miguu yote miwili.

Sasa sikiliza habari ya jana.

Nina rafiki hapa, mpasua mawe, anaitwa arap Koech, mtu wa upande wa Kericho. Ni mrefu, hana haraka, na anapenda maziwa kuliko mtoto mchanga. Jumamosi jioni alinikuta nafua shati akanisimamia kichwani. "Wewe Zakaria, kila siku ni kazi, kulala, kazi. Umekaa hapa Nakuru na hujaona kitu. Siku ukirudi kwenu watauliza umeona nini, utasema umeona simiti?"

Nikamwambia Jumapili ni ya kanisa. Akasema Mungu wake yuko kila mahali na baiskeli mbili zimekwisha patikana. Basi Mama, tulisali asubuhi na mapema, mimi na yeye, chumbani, sala fupi, nisamehe, tukaondoka.

Tulianza na ziwa. Umewahi kunisikia nikisema ndege wana rangi ya ua? Heroe hao walikuwa wamejaa ukingoni mpaka maji hayaonekani, rangi nyekundu nyepesi, wote wameinamisha vichwa wanakula, na kelele yao ni kama ya watu wengi wanaonong'ona kanisani. Wakiruka, chini ya mbawa ni wekundu kabisa. Arap Koech alinitazama mimi badala ya ndege, ili aone kama nitashangaa, na nilishangaa. Lakini nilipoonja yale maji niliyatema. Ni magadi matupu. Nikakaa pale nikifikiri, maji mengi namna ile, na hakuna mtu anayeweza kupeleka hata mfereji mmoja shambani kwake. Kwetu tungelia. Hapa watu wanapita wanatazama ndege, wanaenda zao.

Kutoka ziwani tukapita mjini tukaanza kupanda Menengai, ule mlima ulio mgongoni mwa Nakuru. Kwa kweli tulizisukuma baiskeli kuliko kuzipanda. Ukifika juu, Mama, unatafuta kilele hukioni. Mlima hauna katikati. Umesimama ukingoni, na mbele yako ni shimo kubwa kuliko bonde letu lote, chini kuna vichaka na mawe meusi yaliyoganda, na hapa na pale mvuke unatoka ardhini. Arap Koech aliniambia Wakikuyu wanasema humo ndani mapepo wana mashamba yao, wanalima na kuvuna, mara unayaona, ukitazama tena hakuna. "Mimi siamini," akasema, lakini niliona hakukaribia sana ukingo.

Tulipanga mawe matatu tukachemsha chai kwa kopo la bati, upepo ukitupulizia majivu ndani yake. Nilikunywa nikitazama lile shimo, nikamfikiria Elinazi. Nilifikiri, nchi ina mashimo ya kumeza mlima mzima, mtu mmoja ni nini? Nikaamua pale pale kwamba nikirudi nitakuandikia kuwa nimetafuta vya kutosha. Hata maneno nilikwisha yapanga.

Arap Koech alikuwa na ndugu yake, mkamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Bahati, aliyemwahidi kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha. Kwa hiyo badala ya kurudi mjini tukashuka upande ule wa pili. Baiskeli yangu haina breki. Nilitumia viatu, na viatu sasa vinanionyesha vidole. Tulipita mashamba ya pareto, maua meupe kila upande, na mbwa mmoja wa mzungu akatusindikiza mpaka akaridhika.

Tulipofika kwenye nyumba za wafanyakazi, ndugu yake alikuwa bado zizini. Arap Koech akasema tuchemshe chai nyingine tukingoja, akachukua kopo lake akaenda nyuma ya nyumba kutafuta maji. Mimi nilikuwa nimechuchumaa narudisha mnyororo wa baiskeli. Nikasikia mwanamke anapiga kelele.

"Wewe! Hapana tia hiyo kopo kwa maji! Iko na masizi!"

"Mama, ni maji tu," arap Koech akajibu. "Nataka kupika chai."

"Chota na hiyo kibuyu iko hapo juu ya mti. Kitu ya moto haiguzi hii maji. Mwenye alichimba alikataza, na sisi hapa tunafuata yeye."

Mama, niliacha mnyororo. Unajua kwa nini. Hapa Nakuru watu wanachota maji kwa chochote walicho nacho, sufuria nyeusi, debe la mafuta ya taa, hakuna anayejali masizi. Mimi masizi nilipigiwa na wewe mwenyewe, pale mtoni, mbele ya wasichana wote wa kijiji, na bado nakumbuka fimbo ilikuwa ya mti gani.

Nikazunguka nyumba. Ilikuwa ndiva.

Arap Koech aliniuliza kwa nini nimesimama kama mtu aliyeona nyoka. Nikamweleza kwamba kwetu Upare kijito hakitoshi mashamba yote, kwa hiyo tunachimba bwawa kule juu, maji yanaingia usiku kucha watu wamelala, asubuhi mwenye zamu anazibua tundu la chini, na maji yanashuka kwa mfereji mpaka shambani kwake. Akaniambia, basi hii ni kama hiyo. Nikamwambia, hii siyo kama hiyo, hii ndiyo yenyewe. Nilitazama ukuta kwa jicho langu la kazi. Mawe yamepangwa bila simiti, mnene chini, mwembamba juu, umelala kidogo kuelekea maji, udongo wa mfinyanzi umesukumwa kwenye nyufa kwa kidole gumba, alama za kidole bado zipo. Tundu limezibwa kwa mti mrefu. Kwetu tungeufunga majani ya mgomba, lakini kule migomba ni michache, basi alitumia maganda ya mahindi. Nilipoona yale maganda, nikainama nikayagusa.

Nikamwuliza yule mwanamke nani aliyeichimba.

"Mtanganyika," akasema. "Iko huko juu kwa mfereji, natoa matope." Kisha akanitazama vizuri, kutoka kichwani mpaka kwenye vile viatu, na sauti yake ikabadilika. "Wewe unamtakia nini? Mimi ni mama ya watoto yake."

Nikaufuata mfereji kupanda juu, arap Koech nyuma yangu akiwa na kopo lake tupu. Mama, nilitembea nikiomba mambo mawili yanayopingana. Niliomba awe yeye, na niliomba awe Mpare mwingine.

Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea jembe, unyayo wa mguu wa pili juu ya goti, kama marehemu Baba alivyokuwa akipumzika. Nywele zake zina mvi hata kuliko zako. Nikamwamkia, "Shikamoo, Kaka." Akanijibu kwa Kiswahili cha mashambani: "Jambo. Wewe nataka nani?" Nikamtajia jina la Baba, na lako, kwa lugha yetu.

Aliliweka jembe chini taratibu, kama kitu cha kuvunjika. Akasema, "Yule mdogo aliyechunga mbuzi?" Nikasema ndiye. Akakaa kwenye ukingo wa mfereji, miguu ndani ya matope, na neno lake la pili lilikuwa moja tu: "Mama?"

Nikamwambia upo, goti tu linakusumbua. Hapo alilia, Mama. Mimi pia nililia, sioni haya kuandika. Arap Koech akageuka akawatazama ng'ombe wa mzungu kana kwamba anataka kuwanunua wote.

Tulizungumza kwa muda mrefu. Najua unachotaka kuuliza, nami nilimwuliza, kwa nini hakuandika. Akasema, "Nilipofika nilisema nitaandika nikipata kazi. Nilipopata kazi nikasema nitaandika nikipata cha kutuma. Mwaka ukapita, na mwingine. Mdogo wangu, kila mwaka uliozidi uliifanya ile barua kuwa nzito, mwisho sikuweza tena kuinyanyua." Kisha akasema neno lililonichoma. Akasema, "Waambie hukuniona. Itakuwa nyepesi kwao."

Nilimgombeza. Mimi mdogo nilisimama nikamgombeza mkubwa wangu kwa sauti, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Mama hataki jambo jepesi! Mama anagombana na ukoo mzima kwa ajili yako, na wewe hujafa, umekaa hapa unatoa matope! Kama hutaki niseme, nenda kamwambie wewe kwamba hupo!" Nadhani hakuna mtu aliyemgombeza kwa Kipare kwa miaka mingi, maana mwishoni alitabasamu kidogo.

Ndipo nikamweleza habari ya shamba. Alisikiliza kichwa chini. Akauliza, "Nani analilima sasa?" Nikasema Namkunda. "Peke yake?" Peke yake, nikasema, na watoto wake wawili, tangu mumewe afariki. Akachukua jembe akatoa matope kidogo ambayo hayakuhitaji kutolewa. Halafu akasema maneno haya, na nilimwomba ayarudie ili niyashike yote:

"Mimi sirudi kulima kule. Mke wangu ni wa hapa, watoto wangu wako hapa, na siku nikitoka kwenye shamba la mzungu nyumba yangu atapewa mwingine kabla ya jua kuchwa. Lakini mimi siyo maiti. Shamba lile Baba alinipa mimi, akiwa hai, na mimi nikiwa hai ninalitoa. Ninampa Namkunda, na baada yake watoto wake."

Nikamwambia Baba Mdogo atasema mwanamke hapewi shamba. Akasema, "Baba Mdogo ana shamba lake, agawe hilo."

Namkunda, usiache kusoma. Futa macho uendelee, Mama anangoja.

Ile nyumba yangu ya mawe ilibomoka pale pale kwenye mfereji. Nikisema haikuniuma nitakuwa mwongo. Iliniuma njia nzima, mpaka tulipoziona taa za Nakuru. Leo nimeamka imepungua, na nilipokuwa nachanganya udongo kazini nilijikuta naimba.

Tulikula kwao. Mke wake anaitwa Wangari, ni yule yule aliyepigia kelele kopo, na alipojua mimi ni nani aliniwekea chakula cha watu watatu. Wana wasichana wawili na mvulana. Na hili Mama nilikuwekea makusudi. Kwa desturi ya Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Wangari aliniambia Kaka hakutaka mtoto apewe jina lako, lilikuwa linamliza, lakini yeye alikataa kumwita mtoto jina lingine. "Nilimwambia, huyu ni wa mama yako, hata kama wewe umenyamaza." Kwa hiyo kule Bahati kuna msichana anaitwa Nakiete. Ana paji lako la uso na anaamrisha watu wazima. Aliniuliza kama wewe ni mtu wa kweli. Nikamwambia ni wa kweli sana.

Elinazi anasema ataomba ruhusa kwa mzungu aje akuone wakati wa kiangazi. Siwezi kuahidi kwa niaba yake, maana mzungu yule simjui, na Kaka mwenyewe bado anaogopa. Lakini nitakwenda huko kila nikipata nafasi, na arap Koech yuko tayari, mradi kuna mursik. Maziwa yale yana majivu na ni makali. Nilikunywa kwa heshima.

Nisalimieni Shangazi, mwambieni ule mkeka alionipa nalalia mpaka leo. Nisalimieni mchungaji na mama mchungaji. Nisalimieni jirani yetu mhunzi, na mkewe, na mama wa marehemu shemeji, ambaye najua bado anakuja kumsaidia Namkunda kupalilia. Wajomba zangu wote wa kule bondeni wapeni shikamoo.

Na Baba Mdogo mpeni shikamoo yangu kwa heshima zote, mumwombe akae, sehemu hii msomeeni mwenyewe mbele ya ukoo. Baba Mdogo, najua utasema karatasi haina uso, na kwamba Zakaria anaweza kuandika anachotaka. Kaka alifikiri hivyo hivyo. Aliponisindikiza mpaka barabarani aliniambia kwamba siku Baba alipomwonyesha mipaka walikuwa wawili tu, asubuhi, kuna ukungu. Kwenye pembe ya juu, chini ya lile sale kubwa, mmea wetu wa mpaka, Baba alizika nusu ya jiwe la kusagia la Bibi, lililovunjika. Nusu nyingine alirudi nayo nyumbani bila kusema kitu. Ni ile ambayo Mama huegemezea mlango wa banda la mbuzi.

Mimi sikuijua habari hii. Mama nawe hukuijua. Baba Mdogo, chimba wewe mwenyewe, watu wote wakiona. Ukilitoa, Namkunda alete nusu ya bandani, uziunganishe kwa mikono yako. Zikikaa sawa, mwache dada yangu apande.

Mimi mwanao,
Zakaria